Mwisho wa Jhumko

Moulvibazar, 8 Januari 2023

Lipi, shoga yangu,

Usishtuke kuuona mwandiko huu. Ni mimi, Naju wako, bado hai, na mistari yangu bado inapanda mlima kama zamani. Nimepiga namba yako, akapokea mwanamume wa Rangpur na hasira zake: "Dada, mwaka wa nne huu naulizwa huyo Lipika. Mkimpata, mwambieni hata mimi namtafuta!" Nikaingia Tulighar, ule ukumbi wetu wa wachoraji mtandaoni, kukuulizia, nikakuta jina lako limefutwa. Imebaki anwani hii tu, ambayo nimeiandika juu ya bahasha mara nyingi hadi mkono unaijua wenyewe.

Miaka sita sijakuandikia, na sina cha kujitetea. Pale Tulighar sikugombana na mtu. Nilipoa kidogo kidogo, kama chai iliyosahauliwa dirishani. Tulipoingia tulikuwa tunachora tunachokipenda na kupelekeana, unakumbuka? Kisha kila mtu akawa anachora kinachopendwa. Mimi nilichora maharusi wenye macho kama visahani, maana ndio waliokuwa wakipigiwa makofi. Siku moja nikashika kalamu, nikajiuliza mwenyewe nataka kuchora nini. Nikaenda jikoni kumenya vitunguu. Sikurudi tena.

Sasa sikia. Mwezi uliopita, stesheni ya Srimangal, nilinunua karanga. Muuzaji akanifungia kwa ukurasa wa gazeti, nami nikautazama: Jhumko! Jhumko wetu, yule binti wa hadithi ya picha, juu ya ngazi, anatengeneza saa ya stesheni, na nguchiro wake Bijli kamkalia begani. Ulikuwa ukurasa wa *Kathgolap*, gazeti letu la watoto, wa mwaka 2005. Karanga zikamwagika zote. Towhid akaniambia, "Mume ninakusemesha, wewe unalilia kifungio cha karanga?" Nikamwambia hawezi kuelewa. Yeye utotoni alikuwa anasoma matokeo ya kriketi.

Tangu hapo nimerudi kuwa na miaka kumi na miwili. Nimekuta kundi zima mtandaoni, Wana wa Stesheni wanajiita, watoto ambao wengi wao hawakuwa wamejua kusoma wakati mchoraji wake, mzee Shafayet Dewan, anafariki na kutuachia hadithi bila mwisho. Wanabishana juu ya Jhumko kama sisi tulivyokuwa tukibishana kwa barua: baba yake aliyepanda treni atarudi au harudi? Na yupo mmoja anajiita Shalik. Huyo anachora mwendelezo, kurasa mbili kila Ijumaa. Lipi, mkono wa dhahabu! Watu wanasema kitachapwa kitabu mwaka mpya wa Baisakh, kwa idhini ya mjane wa mzee Dewan.

Je, zile kurasa zangu kumi na mbili bado unazo? Zile nilizokuchorea, za mwisho nilioutunga mimi. Nataka nimtumie huyu Shalik, acheke kidogo. Na wewe njoo kundini, turudi nyumbani.

Nisalimie mama.

Naju


Bogura, 22 Januari 2023

Naju,

Barua yako imefika, na mama ameibusu kabla yangu. Anakusalimu. Magoti yanamsumbua ila mdomo mzima, usijali.

Mimi ni yule yule. Bado niko duka la kadi za harusi. Msimu huu mabwana harusi wote wa Bogura wanataka tausi wawili na mashua. Nimechora tausi hadi nawaota wakinidonoa. Tulighar nilitoka mwaka mmoja baada yako. Nyumba ikishabaki na mlinda mlango peke yake, mlinda mlango naye ana haki ya kwenda zake.

Kuhusu kurasa zako, sidhani kama zipo. Kabati la zamani liliingia mchwa. Nitatazama, lakini usitegemee.

Na hilo kundi, nakushauri uliache. Watoto wale wana midomo. Leo wanakuita dada, kesho wanakuvua nguo mbele za watu kwa sababu umekosea rangi ya skafu ya Jhumko. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia kwamba tumekua. Basi tuendelee kukua.

Lakini nimefurahi umeandika. Kweli nimefurahi.

Lipika


Moulvibazar, 19 Februari 2023

Lipika,

Mchwa wako wana kipaji kikubwa. Wamejifunza kuchora.

Ijumaa juzi Shalik ametoa kurasa mbili mpya. Treni imeingia stesheni. Baba yake Jhumko ameshuka, amezeeka, hamtambui mwanawe, anamnyoshea saa ya mkononi iliyosimama na kusema, "Binti, unaweza kuitengeneza kabla treni haijaondoka?" Neno kwa neno! Nilikaa kitini kama niliyepigwa kofi. Nikaukuza ubao wa stesheni. Shaistapur, imeandikwa kwa kukosa herufi moja. Kosa hilo ni langu. Nililifanya mimi, Oktoba 2006, mezani kwa mama yangu, kwa wino wa buluu, na duniani kote karatasi hiyo ilikuwa kwa mtu mmoja.

Nilimwandikia Shalik mara tatu kumsifia. Mara tatu! Nikamwita "ustadh". Na wewe ulikuwa umekaa huko Bogura unasoma, unanyamaza. Ulicheka, Lipi? Niambie ukweli, ulicheka?

Ile hadithi ilikuwa kitu pekee nilichowahi kukitunga ambacho hakikuwa cha kupigiwa makofi. Nilikupa wewe, sikuipa dunia. Sasa watoto elfu sita wanamwita Shalik mrithi wa Dewan, na mjane wa mzee anampa baraka zake.

Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ulitangaze jambo hili mwenyewe. Usipotangaza, nitatangaza mimi.

Nazneen


Bogura, 3 Machi 2023

Nazneen,

Ndiyo, ni mimi. Sikucheka. Barua zako tatu kwa Shalik nimezihifadhi, kwa sababu katika miaka yote ya urafiki wetu hukuwahi kuusifia mkono wangu namna hiyo ukijua ni wangu.

Sasa nisikilize, maana mimi pia nimekusikiliza sana.

Sikukuu yetu ya Saraswati Puja ya mwaka 2017, nikiwa nimefunga na njaa inaniuma, nilikuandikia Tulighar: "Naju, zile kurasa kumi na mbili, tuzichore upya pamoja? Wewe mwendo, mimi nyuso." Siku kumi na moja nilikuwa nafungua ule ukurasa kabla ya kupiga mswaki. Siku ya kumi na mbili ukajibu: "Lipi, tumekua. Fanya nazo utakalo." Na kidole gumba chini yake. Ndivyo unavyomjibu muuza samaki anayeuliza kama aondoe magamba.

Nikafanya nililotaka.

Kurasa zako zilikuwa za mtoto, Naju. Baba ana vidole sita kwenye ukurasa wa nne. Mimi nimechora mia moja na nne. Nilikwenda stesheni ya Santahar Ijumaa baada ya Ijumaa, nikakaa chini na daftari, mabenchi, wachukuzi, wazee wanaosubiri, mpaka mkuu wa stesheni akaniuliza, "Wewe dada, umeachwa na treni au na mume?" Tausi mchana, Jhumko kila nilipopata nafasi. Nyuso zote zile ni zangu. Machozi yasiyodondoka ya Jhumko anapomrudishia baba yake saa na kumwacha aende bila kumtajia jina, hayo ulichora wewe? Wewe ulichora duara mbili na mdomo.

Lile kosa la herufi nililiacha makusudi. Nilijua ni lako. Nilisema moyoni, siku Naju akiliona atapiga kelele na kucheka, na atarudi. Umeliona, nawe umekuja na tarehe ya mwisho kama mwenye nyumba.

Suala la mchwa nilidanganya. Niliogopa barua kama hii uliyoniandikia.

Tarehe kumi na nne Aprili, siku ya Baisakh, watanisimamisha jukwaani Dhaka kukizindua kitabu. Nilikuwa nimeshaamua kulitaja jina lako pale juu, mbele ya mjane wa mzee, Begum Dewan. Nilishaliandika kwenye karatasi ya hotuba. Sasa sijui. Ukitaka kutangaza, tangaza. Kutangaza unakuweza tangu zamani. Kukaa na kitu mpaka kiishe ndiko kunakokushinda.

Lipika


Moulvibazar, 12 Machi 2023

Kwa Begum Monowara Dewan, Dhaka

Assalamu alaikum, mama.

Hunifahamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na msomaji wa marehemu mumeo tangu utotoni. Naandika kwa huzuni kukueleza jambo kuhusu huyo anayeitwa Shalik, ambaye umemruhusu kuchapa mwisho wa Jhumko.

Jina lake halisi ni Lipika Sarkar, wa Bogura. Mwisho anaouchora hakuutunga yeye. Niliutunga mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu, baada ya msiba wa mzee wetu, nikamchorea Lipika kurasa kumi na mbili na kumtumia kwa posta, nikiamini ni rafiki. Ushahidi upo: jina la stesheni limekosewa herufi, na kosa hilo ni la mkono wangu.

Sitaki sifa, mama. Nataka tu haki ijulikane kabla jina la mumeo halijawekwa kwenye jalada moja na la mtu aliyeiba.

Mwanao katika heshima,
Nazneen Akhtar Chowdhury


Dhaka, 2 Aprili 2023

Mwanangu Nazneen,

Wa alaikum salaam. Umesema sikufahamu. Nakufahamu.

Mume wangu alikuwa anajibu barua za watoto kwa mkono wake, na kila jibu alilinakili kwenye daftari kabla ya kulituma, kwa sababu alisema mtoto hasahau ahadi na mtu mzima husahau. Daftari hilo ninalo. Tarehe ishirini na sita Machi 2006 alimjibu Nazneen Akhtar wa darasa la saba, Moulvibazar. Nakunakilia, huenda ya kwako imepotea:

"Binti yangu, umeniuliza kama baba yake Jhumko atarudi, na umeniambia kwa nini unauliza. Kwa hiyo sitakudanganya. Atarudi, lakini atakuwa mtu mwingine. Hatamtambua. Atampa saa aitengeneze, Jhumko ataitengeneza vizuri kuliko saa zote alizowahi kuzigusa, kisha atamwacha apande treni yake, na hatamtajia jina. Si kwa sababu hampendi. Ni kwa sababu ameona kwamba anaweza kusimama peke yake. Usimwambie mtu mpaka niichore. Wewe tu na mimi."

Hakuwahi kuichora. Alilazwa Juni, na Agosti nikamzika.

Mwaka jana nilipoonyeshwa kurasa za Shalik hadi ule wa mwisho, kabla hazijatoka, nilikwenda kulifungua daftari. Nikasema, ni yule mtoto wa Moulvibazar, amekua, ametunza siri hadi ameweza kuichora. Ndiyo sababu nilitoa idhini bila kuuliza jina. Nilitaka jukwaani nimkabidhi daftari. Nilikuwa nimeshalifunga kwa kitambaa.

Barua yako imeniambia kwamba Shalik si wewe, na kwamba wewe unasema mwisho huo uliutunga mwenyewe. Sijui nikuite nani. Mwenzako amechukua alichodhani ni chako. Wewe uliambiwa na mtu aliyekuwa anakufa, ukamfanya hayupo.

Nimewaambia wachapaji kitabu hakitakuwepo. Jhumko abaki pale mume wangu alipomwacha, juu ya ngazi. Nakala ya barua yako na ya hii nimemtumia Lipika Sarkar, kwa kuwa naye anastahili kujua.

Mungu akusamehe. Mimi nitajaribu.

Monowara Dewan


Moulvibazar, 11 Aprili 2023

Lipi,

Najua umeshaisoma. Nimeanza barua hii mara nne. Towhid ananiuliza nina nini, nasema kichwa.

Sikukudanganya ili nionekane mwerevu. Au pengine ndiyo, lakini si hivyo ilivyoanza. Kukuonyesha barua ya mzee Dewan ningelazimika kukuambia nilichomwandikia. Nilimwandikia kwamba baba yangu alikwenda Kuwait na mwaka wa tatu ule hakuwa ameleta hata salamu. Na wewe nilikuwa nimekuandikia kwamba baba anatuletea chokoleti na vitambaa, kwamba anarudi Idi. Kila Idi. Nilikuchorea hata zile chokoleti, unakumbuka, za karatasi ya dhahabu? Nilizitoa kwenye tangazo.

Ulikuwa rafiki pekee niliyekuwa naye ambaye hajawahi kuiona nyumba yetu. Kwako nilikuwa na baba. Sikutaka kumpoteza.

Kwa hiyo nikasema nimeutunga. Nikausema mara nyingi, mpaka ukawa kweli. Wallahi, Lipi, nilipomwandikia Begum sikuhisi nadanganya. Ile barua ya mzee niliichana siku ya msiba wake, na nadhani niliichana pia humu kichwani.

Kurasa zako mia moja na nne ni kitu kizuri kuliko chochote nilichowahi kukigusa. Nilikuwa nazisubiri Ijumaa kama mtoto. Nimekikata kichwa kitu hicho kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani natafuta haki. Niambie nifanye nini. Nitakwenda Dhaka kumpigia Begum magoti. Nitaandika kundini kila kitu, na jina la baba yangu pia. Niambie tu.

Naju


Bogura, 30 Aprili 2023

Nazneen,

Nilipanga nisijibu. Mama amesema mtu akiuliza lazima ajibiwe, hata kama ni kwa neno moja. Nitatumia zaidi ya moja, maana ni mara ya mwisho.

Tarehe kumi na nne nilikwenda Dhaka hivyo hivyo. Tiketi nilikuwa nayo. Nilivaa sari nyeupe yenye pindo jekundu kama wanawake wengine wote wa mji siku ile, nikasimama nje ya ukumbi. Mlangoni wamebandika karatasi: shughuli imeahirishwa. Walikuja vijana kama arobaini hivi, na Bijli za kitambaa begani. Msichana mmoja akaniuliza, "Dada, na wewe ni wa Stesheni? Umemwona Shalik? Wanasema amekimbia." Nikamwambia simjui. Akasema, "Bora akimbie, mwizi mkubwa yule." Sijui nani aliwaambia. Nadhani si wewe. Nikamwambia, "Ndiyo, bora." Nikanunua glasi ya maji ya maembe mabichi, nikapanda basi.

Usimwendee Begum. Nimekwenda mimi. Hakunikaripia, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alinipa chai, akazitazama kurasa zote mia moja na nne, moja moja, na alipofika mwisho akasema, "Angependa nyuso zako." Kisha akanirudishia. Hatabadili neno lake, nami sikumwomba.

Wala usiandike kundini. Umeniambia nikuambie la kufanya, basi ni hilo: usitangaze kitu.

Na sasa la baba yako. Unasema ulinificha ili usimpoteze. Nazneen, nilijua. Mwaka 2006, kabla ya masika, mama yako alimwandikia mama yangu, kwa sababu mjomba wangu alikuwa dereva Kuwait na mimi nilikuwa nimemtaja katika barua zangu kwako. Alimwomba amtafutie mumewe. Mjomba alimtafuta, akampata. Alikuwa mzima, ana mke na watoto wawili. Mama alinikalisha jikoni akaniambia, "Naju akikuandikia kuhusu baba yake, wewe soma na ufurahi naye. Usimuulize kitu." Nikafanya hivyo. Nilizisifia zile chokoleti. Nilikuuliza zina ladha gani, nawe ukanijibu ukurasa mzima, nikakaa chooni nikalia ili mama asinione.

Ulipozituma zile kurasa kumi na mbili, nilizisoma nikajua zimetoka wapi. Nilidhani zimetoka kwako. Nilidhani umepata njia ya kuniambia bila kuniambia. Kwa ajili hiyo nilizitunza miaka kumi na moja kabla sijazigusa, na kwa ajili hiyo nilichora uso wa Jhumko kama nilivyouchora. Ni uso wako, wa picha ile ya shule uliyonitumia. Miaka sita nimekuchora wewe. Begum aliponionyesha daftari, nikaona kwamba hata hilo hukunipa mimi. Ulimpa mzee usiyemjua, naye alikujibu, na mimi ukaniletea chokoleti za tangazo.

Ungeniambia tu, "Lipi, mzee Dewan ameniandikia," ningekuwa mtoto mwenye majivuno kuliko wote Bogura.

Msimu wa harusi umeanza tena, kazi ni nyingi. Usijibu barua hii. Nikiuona mwandiko wako juu ya bahasha, nitamwambia mtu wa posta kwamba amekosea nyumba.

Lipika Sarkar